Duara Lililopewa Jina Mapema

Wiki hii nimelala vizuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumbani wanajua kuwa siku za nyuma nilikuwa mtu wa kugeukageuka kitandani, na asubuhi nikiulizwa nasema ni miguu. Haikuwa miguu. Nilikuwa nimefanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa huko juu angani, mahali ambapo mtu kama mimi hana ngazi ya kufika akalirekebishe.

Shule niliishia darasa la nne. Kuandika najua, kusoma najua taratibu, lakini kichwa changu Mungu alikipa kazi moja, nayo ni majina. Hapa Kinyangiri mtu akitaka kujua babu wa babu yake aliitwa nani, anakuja kwangu. Watu wakigombania mpaka wa shamba, naitwa nikaseme nani alilima pale kabla ya nani, na mke wake aliitwa nani, na alitokea wapi. Nawajua waliozaliwa, waliohama na waliokufa. Humu siandiki jina la mtu hata mmoja, maana wengine wako hai na wana hasira, lakini msidhani nimesahau.

Jina moja tu sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nitafika huko.

Mjukuu wangu alikuja nyumbani tukiwa tunapura uwele. Huyu ni binti wa mwanangu, anasoma chuo huko Dodoma, shahada ya pili, na anachosoma ni nyota. Alishuka kwenye bodaboda na begi mgongoni na kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo? Mume wetu angekuona angesema nakunyima chakula."

"Mume wetu alipenda wanene. Ndiyo maana nikamwachia wewe."

Babu yake amekufa miaka mingi, lakini utani wa wake wenza hatujauacha.

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, aliniita chumbani, akanikalisha kwenye kigoda na kufungua ile kompyuta. Nikaona giza lenye vidotidoti, na katikati ya giza duara hafifu, limekatika upande mmoja. Lilifanana na alama inayobaki chini ukiinua chungu kilichokaa mahali pamoja muda mrefu.

"Hayo ni masalia ya nyota iliyokufa, bibi. Ililipuka maelfu ya miaka iliyopita. Mpaka leo yanaendelea kutanuka."

"Basi jioni unioneshe iko upande gani."

"Haionekani. Hata usiku huioni. Hiyo imepigwa kwa eksirei."

Eksirei naifahamu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alianguka na baiskeli akavunjika mguu, na picha ya mfupa wake ameitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Mgeni akiingia anaoneshwa mfupa kwanza. Kwa hiyo nikauliza swali ambalo kila mwenye akili angeuliza: hiyo nyota iliyokufa imelazwaje kwenye meza ya eksirei?

Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaeleza. Hospitali mashine ndiyo inayotoa eksirei na kuipitisha kwenye mwili. Huko juu hakuna anayempiga mtu picha. Ile hewa iliyorushwa na nyota wakati inalipuka ina moto mkali mno, hata mwanga wake umepita uwezo wa macho yetu, na mwanga huo ndio eksirei. Unakuja wenyewe. Ila ukifika kwetu hewa tunayovuta inauzuia wote, kwa hiyo wamepeleka chombo juu kabisa kupita hewa, kiuone huko.

"Kwa hiyo sasa hivi, mchana huu, hicho chombo kiko kazini?"

"Kiko kazini. Kwake mchana na usiku ni sawasawa."

Hilo lilinifurahisha. Mimi nalala mapema, nilidhani mambo ya nyota ni ya vijana wanaokesha.

"Na hii buluu?"

"Rangi tunatia sisi, ili tutofautishe eksirei zenye nguvu na zisizo na nguvu."

"Kumbe mnaipaka wanja."

"Tunaipaka wanja, bibi." Halafu akashusha sauti, ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu na kuku. "Hii haimo kwenye orodha. Nimetafuta kote. Nafikiri mimi ndiye wa kwanza kuiona. Lakini mwalimu wangu bado hajaithibitisha, kwa hiyo usimwambie mtu."

"Inaitwaje?"

"Haina jina. Ikithibitishwa itapewa namba."

"Namba! Kama ng'ombe wa mnadani?"

"Ziko nyingi, bibi. Zinaitwa kwa namba za mahali zilipo."

Niliangalia lile duara. Sijui lilinipata vipi. Mtu unakaa na kitu miaka zaidi ya hamsini, unapalilia, unavuna, unaoza mabinti, kitu kimetulia, halafu asubuhi moja umekaa kwenye kigoda kinasimama.

Nimezaa watoto sita. Ndivyo nilivyokuwa nasema siku zote, kwa mkunga, kwa mzee wa kanisa, kwa watu wa kuandikisha. Lakini kabla ya hao sita alikuwepo mmoja. Aliishi siku nne. Kwetu wakati ule mtoto hakupewa jina mpaka kitovu kidondoke. Kabla ya hapo aliitwa mgeni, basi: mgeni amelala, mgeni analia. Na asipopewa jina anakuwa hajaingia kwenye hesabu ya watu. Siku ya nne alifariki na kitovu chake bado kimeshika. Wanawake watatu walimzika asubuhi nyuma ya nyumba, bila matanga, nikaambiwa nikamulie maziwa kwenye kitambaa mpaka yakauke na nisilie sana. Jina nilikuwa nimeshalichagua moyoni tangu mimba ina miezi saba. Hakuna aliyeniuliza. Hata mume wangu hakuuliza, na simlaumu, naye alikuwa kijana.

Basi pale kwenye kigoda nikalitamka. Nikasema, hiyo tuiite hivi.

"Zuri," alisema mjukuu wangu. "Ni la nani?"

"La ukoo."

Nilidanganya, na tena nilivunja mwiko niliolelewa nao, wa kutokipa jina kitu ambacho bado hakijashika. Na sikuishia hapo. Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, baada ya mtu aliyepoteza mbuzi wake, mkono wangu ulinyooka wenyewe. Nikasimama nikasema mjukuu wangu ameona angani kitu ambacho mwanadamu hajapata kukiona, na kinaitwa hivi. Watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Mjukuu wangu alikuwa benchi la nyuma. Nilipogeuka nilimwona amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu: "Bibi, nilikuambia nini?"

Niliongeza mwendo. Shemeji aliniokoa kwa kuchinja jogoo, majirani wakaja, na tangu siku hiyo nikipita kisimani naulizwa, "Hajambo yule wa angani?" wakimtaja kwa jina. Jina ambalo halijawahi kutoka mdomoni mwa mtu sasa lilikuwa kwenye midomo ya watoto wanaochunga. Nikawa nasikia raha na hofu kwa pamoja.

Simu ya mwalimu wake ilikuja Jumatano. Kwetu mtandao mzuri unapatikana juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya shamba la shemeji, kwa hiyo ukimwona mtu amesimama pale na mkono sikioni, kijiji kizima kinajua anaongea na watu wa mbali. Mimi nilikuwa uwanjani napepeta uwele. Nilimwona amesimama, kisha akachuchumaa, kisha akakaa kabisa. Alishuka polepole, akaja akasimama upande wangu.

"Sema."

"Anasema huenda si kitu."

Nilishusha ungo. "Si kitu vipi, na tumekiona?"

Akachota uwele kiganjani akawa anaudondosha mmojammoja. Alinieleza hivi, na nikaelewa, kwa sababu ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Eksirei haziji kama maji, zinakuja mojamoja kama punje. Chombo kinakaa kinasubiri, na kila punje ikidondoka kinaandika imetoka upande gani, saa ngapi, ina nguvu kiasi gani. Ile picha yote ni punje zilizokusanywa kwa saa nyingi. Sasa jua nalo lina upepo wake. Ukivuma unabeba vumbi jepesi la moto, na chombo kikipigwa na vumbi lile kinaliandika kama punje. Mwalimu ameona kuwa kwenye saa zile za mjukuu wangu, nyingine jua lilikuwa linavuma vibaya.

"Makapi," nilisema.

"Makapi. Inabidi nizikate zile saa zote mbaya. Nikizikata, punje zinazobaki ni chache. Pengine na duara litaondoka nazo." Akatupa ule uwele chini. "Kazi ya mwaka mzima, bibi. Nirudi nianze na kitu kingine."

Yeye aliona mwaka wake unapotea. Mimi nilimwona mgeni wangu anazikwa mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyemwita kabla ya wakati. Hapo ndipo nilisema neno ambalo mpaka leo naona aibu nalo.

"Si uache hivyohivyo? Huko chuoni nani atajua?"

Hakukasirika. Aliniangalia, halafu akatazama chungu ya uwele miguuni pangu. Wakati tunaongea upepo ulikuwa umegeuka, nami sikuona, na makapi yote yalikuwa yamerudi juu ya uwele safi.

"Huu uwele utauacha hivyohivyo?"

"Ukiwa wa kuuza, nauacha."

"Bibi!"

"Wanaonunua nao wana ungo kwao."

"Na ukiwa wa kula wewe?"

"Wa kula mimi napepeta upya."

"Basi na mimi hii ni ya kula mwenyewe."

Akashika upande mmoja wa turubai, nikashika wa pili, tukahamisha chungu yote tukaanza upya. Nilimwachia ungo. Ana mkono mzuri kwa mtu wa chuo, ila anainua mno mabega.

Mchana alizikata zile saa. Aliniambia nikitaka nije nione, nikaja, ingawa moyo haukutaka. Kompyuta ilifikiri muda mrefu. Picha iliporudi, vidotidoti vingi vilikuwa vimeondoka na giza lilikuwa giza zaidi. Duara lilikuwa limepauka mpaka nikavua miwani nikaifuta kwa khanga. Upande wa juu ulikuwepo. Wa chini nilikuwa siuoni, naambiwa tu upo.

"Ipo au haipo?" niliuliza.

"Sijui. Macho yangu yanaitaka, kwa hiyo siyaamini. Nimemtumia mwalimu. Atatafuta kama kuna chombo kingine kilichowahi kutazama pale siku za nyuma. Kama nacho kiliona kitu palepale, basi."

"Na kama hakikuona?"

"Bibi, niache kidogo."

Tulingoja siku tatu. Umeme ulikatika siku moja nzima, simu zikachajiwa kwa sola dukani. Shemeji alikuwa amesikia, maana kijijini jiwe halifichi kitu, akawa kila akipita anasimama kwenye uzio.

"Shemeji, nyota yako imeota meno?"

"Nenda ukatazame mfupa wako."

"Mfupa wangu upo! Picha yake ninayo! Yako wameifuta kwa kifutio."

"Ulikula jogoo, usiniseme."

"Jogoo alikuwa wangu!"

Siku nyingine ningecheka mpaka machozi. Siku ile niliingia ndani. Mjukuu wangu alikuwa anachambua mlenda jikoni, akaona uso wangu, akaweka ungo chini.

"Bibi, shemeji yako anakutania tangu mimi sijazaliwa. Leo umekuwaje?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi vile, mbele ya mlenda na moshi, baada ya kushindwa miaka yote. Nilimwambia siku nne, nikamwambia kitovu, nikamwambia jina lile ni la nani. Nikamwambia kwamba nilifanya haraka ya kumwita, kama vile kuita kungemshika.

Alipangusa mikono. Halafu akauliza swali ambalo mtu hajapata kuniuliza. "Alikuwa anafanana na nani?"

"Na babu yako. Masikio."

Alicheka kidogo huku analia, maana yale masikio anayo na yeye. Tukaendelea kuchambua mlenda. Jambo moja aliniambia, na aliniambia kwa tahadhari kama mtu anayempa mgonjwa uji wa moto. Alisema kwenye kazi yao hakuna kitu kinachopungua ukweli kwa sababu hakikuonekana mapema. Ile nyota kama ililipuka, basi ililipuka, hata kama hakuna aliyeiandika. Wao kazi yao ni kuchelewa kufika na kutazama vizuri. "Lakini siwezi kukuahidi hili duara, bibi. La kwako najua lilikuwepo. Hili langu sijui."

Nilimwambia sitaki ahadi, nataka chumvi.

Jumamosi tulikuwa tunafunga magunia. Simu iliita mara moja ikakatika, akatoka mbio kwenda kwenye jiwe, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilibaki nimeshika mdomo wa gunia. Nilimwona amesimama. Nikasema akikaa, ndiyo basi. Alisimama. Akageuka upande, akaendelea kusimama, mkono mmoja sikioni, mwingine kichwani. Shemeji naye alikuwa shambani kwake amesimama na jembe, anaangalia kulekule, wala hatanii tena.

Mjukuu wangu aliteremsha simu. Akaweka viganja mdomoni akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani:

"Bibiii! Kitovu kimedondoka!"

Shemeji alidhani kuna mtu amejifungua. Mimi niliachia gunia, uwele ukamwagika miguuni kwangu, nikakaa juu yake. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kuku walikuja wakala, sikuwafukuza.

Alipofika anahema alinieleza. Chombo kingine, cha watu wengine kabisa, kiliwahi kutazama pembe ile ya anga zamani kikitafuta jambo jingine, na jua siku hizo lilikuwa limetulia. Mwalimu ameifungua picha yake, na duara lipo palepale, limekatika upande uleule. Tena wamepima zile punje na kuona dalili ya madini yanayopikwa ndani ya nyota, na mojawapo ni chuma.

"Chuma kama cha jembe?"

"Kama cha jembe. Na kama kilichoko kwenye damu yako. Kilitoka kwenye nyota kama hizo, zilizokufa kabla ya hata dunia kuwepo."

Hilo nililiweka pembeni nilifikirie siku nyingine. Siku ile nilikuwa nimeshiba. Nilimuuliza tu kama sasa itaitwa kwa lile jina. Akasema hapana, itaitwa kwa namba, utaratibu ni utaratibu. Alitegemea nitanuna. Sikununa. Niligundua kuwa jina lile sikutaka tena kuliacha huko mbali.

Amesharudi Dodoma. Kwaheri yake ilikuwa, "Mke mwenzangu, usitangaze kitu kanisani mpaka nikupigie."

Jumatatu nilikwenda zahanati kupima presha. Shemeji alikuwepo kwenye benchi na mguu wake. Kuna muuguzi mgeni, msichana mdogo, anaandika wazee wote kwenye daftari jipya. Alinisalimia vizuri, akauliza umri, akauliza maumivu, akauliza nimezaa watoto wangapi.

"Saba."

Shemeji aligeuza shingo.

"Wote wako hai, bibi?"

"Wa kwanza alifariki. Aliishi siku nne."

"Pole. Alikuwa na jina?"

Nikalitaja. Shemeji akasema, "Shemeji, hilo si jina la nyota?"

"Nyota iliazimwa tu," nilimjibu. "Ni la mwanangu."

Alinitazama. Alikuwa kijana mdogo wakati ule, anachunga ndama za kaka yake, na naona alianza kukumbuka, maana alivua kofia. Akasogea kwenye benchi akanipisha nafasi.

Muuguzi alikuwa ameshika kalamu anangoja. Jina ni la kwetu, hakulijua linavyoandikwa. Nikamtajia herufi mojamoja, taratibu, asikosee.